Masahihisho kuhusu Philip Boit

Februari 2014 nilikuwa na miaka 25, kijana wa mwisho kuajiriwa katika dawati la michezo la gazeti moja jijini Nairobi. Kule Sochi, Urusi, Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa imepamba moto, kama naruhusiwa kusema hivyo kuhusu mashindano ya barafu, na Kenya haikuwa na mshiriki hata mmoja. Mhariri wangu alikuwa amebakiwa na pengo chini ya ukurasa, kando ya msimamo wa ligi. Akanigeukia. "Kijana, nizibie hapo. Maneno 300. Kitu cha kuchekesha, cha theluji."

Nikaziba. Nilimweka Eddie Edwards, yule Mwingereza wa kuruka kwa skii aliyeburura mkia Calgary 1988. Nikawaweka Wajamaika waliopinduka na kigari chao cha kuteleza kwenye barafu mwaka uo huo. Halafu, kwa kuwa msomaji wetu ni Mkenya na anataka kujiona, nikamalizia na Philip Boit. Kichwa nilikitunga mwenyewe: "Mkenya Aliyechelewa Dakika 20". Watu walicheka chumba cha habari kizima, mhariri akanipiga bega, na mimi nikaenda nyumbani nikijiona mwandishi.

Gazeti likikosea jina la mtu huchapisha masahihisho, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mimi sikukosea jina. Sikukosea tarehe wala nafasi wala dakika. Kila neno katika yale 300 lilikuwa kweli, na nadhani ndiyo sababu imenichukua miaka mingi kugundua kwamba nilikosea.

*

Kwa wewe ambaye hukuwa umezaliwa, au ulikuwapo lakini hukujali: Philip Boit alizaliwa 1971 na alikuwa mwanariadha wa mita 800. Hakuokotwa njiani. Ni wa ukoo wa Mike Boit, yule aliyeleta nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua Philip na mwenzake Henry Bitok ikawapeleka Finland wakafundishwe mbio za skii za masafa, zile ambazo mtu huteleza juu ya theluji akipanda na kushuka vilima kwa kilomita kadhaa. Kabla ya hapo hawakuwa wamekanyaga theluji maishani.

Februari 1998, Boit alikuwa Hakuba, Japani, kwenye Olimpiki ya Nagano, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda. Boit alifika wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma yake. Waandaaji walitaka kuendelea na sherehe ya washindi, lakini Dæhlie alikataa kuondoka kwenye mstari wa mwisho hadi Boit afike. Alipofika, Dæhlie akamkumbatia. Picha ile ilizunguka dunia. Baadaye Boit alipata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie.

Hayo niliyajua 2014. Niliyaandika yote, na jina la mtoto nikaliweka mwisho kabisa, kama mtu anayeweka pilipili.

*

Habari ile haikuwa ngeni kwangu hata wakati huo. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Eldoret. Mvua za El Niño zilikuwa zimegeuza barabara ya mtaani kwetu kuwa tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na desturi ya kutusomea gazeti kwa sauti, siku moja au mbili baada ya kutoka, kwa sababu lilipitia kwanza mikononi mwa mwalimu mkuu. Jioni hiyo alisoma habari ya Boit huku akicheka mpaka akavua miwani.

"Dakika 20! Huyu Mzungu angeweza kwenda kunywa chai, arudi, amkute bado anakuja!"

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Lakini alimaliza?"

"Mama watoto, nimekwambia alikuwa wa mwisho."

"Nimesikia. Nimeuliza kama alimaliza."

Baba akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa miaka tisa, kwa hiyo nilicheka na baba. Miaka 16 baadaye nililichukua lile lile chekesho la chai, nikalisafisha kidogo, nikalichapisha kwa jina langu.

*

Jambo la kwanza nililoliacha nje ya makala yangu ni kwamba kwetu Eldoret mwanariadha si habari. Ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi unawakuta wanapita makundi kwa makundi, na wengi wao ukiwapeleka nchi nyingine wangekuwa mabingwa wa taifa. Lakini Olimpiki huruhusu nchi wakimbiaji 3 tu kwa kila mbio. Ukiwa wa nne Kenya, au wa 15, dunia haikujui, hata kama muda wako ungemtia hofu bingwa wa bara zima lingine. Unaweza kuwa hodari kweli kweli na bado ukazeeka unakimbia kwenye vumbi la barabara ya Kaptagat. Anapokuja mtu na kukwambia kuna mlango mwingine, hata kama mlango wenyewe umefunguliwa na kampuni inayotafuta tangazo la viatu, si kichekesho kuuchungulia.

Na kulikuwa na tangazo ndani yake, tusidanganyane. Kenya na theluji ni picha inayojiuza yenyewe. Boit alijua hivyo, au ningeshangaa kama hakujua. Lakini tangazo halikumfanyia mazoezi.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi kama mwandishi wa michezo, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu. Mwaka uleule wa 1996, Boit alipokuwa anajifunza kusimama kwenye theluji, ilifanyika Olimpiki ya Atlanta. Fainali ya mita 800, mbio ambazo sisi Wakenya huziona kama shamba la urithi, alishinda Vebjørn Rodal. Wa Norway. Mkenya wetu, Fred Onyancha, alipata shaba. Sikumbuki mtu yeyote aliyeandika makala ya kuchekesha kuhusu mtoto wa nchi ya theluji aliyekuja kukimbia jua kali la Marekani. Tulimwita bingwa, basi. Njia kati ya Norway na Kenya ilikuwa wazi pande zote mbili, lakini kicheko kilisafiri upande mmoja tu.

*

Jambo la tatu ni mwili. Nilipokuwa naandika 2014 nilidhani mkimbiaji ni mkimbiaji, mpe skii atakimbia na skii. Tangu hapo nimesoma na kutazama mbio hizi usiku mwingi, na sasa naelewa kidogo alichokuwa anadaiwa mtu yule.

Mita 800 ni mizunguko 2 ya uwanja, chini ya dakika mbili, na umemaliza. Kilomita 10 za Hakuba zilimchukua Dæhlie dakika 27, na Boit 47. Mapafu na moyo angeweza kuhama navyo. Vingine ilibidi ajengwe upya. Mkimbiaji wa Kenya hutunza mikono iwe myepesi, lakini kwenye skii mikono, mgongo na tumbo ndivyo vinavyosukuma, kwa fimbo mbili, mlima mzima. Mkimbiaji hufunzwa tangu utotoni kuuinua mguu upesi baada ya kugusa ardhi. Kwenye skii hilo ni kosa: unatakiwa uukandamize ubao ushike theluji kwa nta iliyopakwa katikati, kisha uuache uende, utulie juu yake kwa mguu mmoja, usiogope. Nta yenyewe huchaguliwa kwa kufuata ubaridi wa theluji ya siku hiyo. Ukikosea, unarudi nyuma kila unapopanda, au theluji inagandamana chini ya mguu wako kama tope la Eldoret. Na mteremko, ambao kwa mkimbiaji ni mapumziko, hapa ndipo pa kuvunjikia mguu.

Kwa Kiswahili tunasema kuteleza si kuanguka. Tunamfariji mtu aliyekosea kidogo. Kuteleza kwetu ni ajali, ni kitu kinachokupata. Boit alikuwa na miaka 24 alipoanza kujifunza kuteleza kwa makusudi, mbele ya watoto wa Finland ambao walianza wakiwa wanajifunza kutembea.

*

Wengi waliobadilisha mchezo tunawajua kwa sababu walikuwa wakubwa kabla ya kubadilisha. Michael Jordan aliacha mpira wa kikapu Oktoba 1993, miezi michache baada ya baba yake kuuawa, na 1994 akaenda kucheza besiboli ya ngazi ya chini na timu ya Birmingham Barons. Walimcheka pia, na takwimu zake za kupiga mpira hazikuwa za kujivunia. Machi 1995 akarudi Chicago, na baada ya hapo akashinda ubingwa mara 3 zaidi. Usain Bolt alijaribu soka Australia 2018 na timu ya Central Coast Mariners, akafunga mabao 2 katika mechi ya kirafiki, kisha akarudi kuwa Usain Bolt. Siwabezi. Ila hawa walikwenda kutembea wakiwa wameacha nyumba imejengwa. Wakishindwa, wana pa kulala. Boit aliacha mchezo ambao hakuwa amefika kileleni, akaenda kwenye mchezo ambao kila mtu alijua hangefika.

Haya nisingeyaelewa kwa kusoma tu. Niliyaelewa kwa sababu 2023, nikiwa na miaka 34, gazeti lilipunguza wafanyakazi na mimi nikapunguzwa.

Barua ilikuja kwa imeli, Ijumaa jioni. Wakati huo nilikuwa naibu mhariri wa michezo, watu wananiita "mkubwa", na makala zangu zilikuwa na picha yangu ndogo juu. Nilikaa miezi mitano bila kazi. Halafu nikapata nafasi katika kituo kimoja cha redio, kusoma taarifa ya habari ya asubuhi kwa nusu ya mshahara wangu wa zamani. Mkuu wa kipindi alikuwa dada mmoja ambaye alikuja gazetini akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika aya ya kwanza ya habari. Nilikuwa nikimchorea karatasi zake kwa kalamu nyekundu hadi zinavuja damu.

Nilidhani habari ni habari. Niliandika taarifa yangu ya kwanza kama nilivyozoea, sentensi ndefu zenye vishazi vitatu, zinazopendeza kwenye karatasi. Taa nyekundu ikawaka. Katikati ya sentensi ya pili pumzi ikaniishia. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipanda, ikawa nyembamba kama ya mvulana anayebaleghe, nikameza mate, na mate yakasikika nchi nzima. Nikakohoa. Fundi mitambo akanionea huruma akaweka muziki.

Mtu fulani alikuwa amerekodi. Kufikia saa nne asubuhi ile sauti yangu ya kukohoa ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliofanya kazi pamoja gazetini, na chini yake nyuso ndogo za kucheka hadi machozi, safu kwa safu. Mmoja aliandika: "Mkubwa amepigwa na maikrofoni." Ni utani mzuri. Ningekuwa mimi wa zamani ningeupa nafasi chini ya ukurasa.

Nilikaa ndani ya gari, kwenye maegesho, nikishindwa kuliwasha. Na nikwambie ukweli, kilichonijia kichwani hakikuwa hasira kwa wenzangu. Ilikuwa ile picha ya Hakuba. Yule mtu mwenye namba kifuani, mikono imechoka, bado anakuja.

Mgeni kabisa hana aibu hii. Kijana wa miaka 19 akikohoa hewani anajifunza, watu wanamwonea fahari. Aibu ni ya yule anayejua jinsi ustadi unavyojisikia ndani ya mwili, aliyewahi kuwa nao, ambaye sasa anasimama mbele ya watu akiwa hana, na wote wanaona tofauti. Boit alijua jinsi ya kukimbia vizuri. Kila hatua mbaya aliyopiga kwenye theluji aliijua kuwa ni mbaya, dakika zote 47.

Kesho yake yule dada aliniita. Akachukua karatasi yangu na kalamu, na ilikuwa nyekundu, sijui kama alikusudia. "Mkubwa," akasema, kwa maana bado aliniita hivyo, "hapa unakata. Hapa unapumua. Hapa sentensi imekufa, anza nyingine. Usimwogope msikilizaji, yuko jikoni anachemsha maziwa." Alikata taarifa yangu vipande vipande. Nilitamani kubisha. Nikasoma alivyoikata, na pumzi ikatosha.

*

Sasa nirudi kwenye lile kumbatio, kwa sababu ndilo linalokumbukwa, na nafikiri limetuharibia hadithi.

Dæhlie alifanya jambo jema. Alishinda dhahabu 8 za Olimpiki maishani mwake na hakuwa na deni kwa mtu wa 92. Kusubiri kwake kulikuwa heshima ya mtu anayejua kazi ile ni ngumu kiasi gani. Lakini tazama jinsi tunavyoisimulia. Mwanzoni tunamcheka Boit, mwishoni tunamsifu Dæhlie, na Boit amebaki katikati kama mti ambao mwingine ameegemea. Hata mimi niliyemcheka nilimalizia kwa sifa za Mnorway.

Hadithi ikiishia kwenye kumbatio, inaishia Februari 1998. Boit hakuishia hapo. Alirudi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City 2002. Dæhlie hakuwa mshindani tena: mwaka 1999 aliumia katika ajali akifanya mazoezi kwa skii za magurudumu, na 2001 akastaafu. Bingwa aliyejua kila kitu kuhusu theluji alimalizwa na lami. Yule wa mwisho ndiye aliyeendelea. Na 2006 alirudi tena, Torino, Italia, akiwa na miaka 34. Olimpiki tatu. Miaka kumi tangu alipokanyaga theluji kwa mara ya kwanza.

Miaka 34 ndiyo niliyokuwa nayo mimi nilipopata ile barua na kujiona nimezeeka mno kuanza.

Kuhusu Torino, katika makala yangu ya 2014, sikuandika neno. Salt Lake City vilevile. Nilijua, nilikuwa nayo kwenye daftari. Niliacha kwa sababu yangeharibu kichekesho. Mtu anayekwenda mara moja na kuwa wa mwisho anachekesha. Anayekwenda mara tatu anaanza kukuuliza maswali wewe unayecheka.

Hata lile jina la mtoto nimelifikiria upya. Nilikulia katikati ya Wakalenjin, nikasoma na akina Kiprono waliozaliwa jioni mbuzi wanaporudi nyumbani, na akina Kibet waliozaliwa mchana. Jina huko hubeba saa na tukio. Kumwita mtoto Dæhlie si kihoja. Ni baba aliyeweka kumbukumbu ya saa yake mwenyewe, kwa desturi ya kwao, kwa neno la Kinorway.

*

Mama bado yuko Eldoret, na husikiliza redio. Wiki ile ya kukohoa hakuniambia lolote. Alipiga simu mwezi wa tatu hivi, kwa jambo la fundi wa paa, na katikati ya mazungumzo akasema, "Siku hizi unasoma unafika mwisho." Kisha akarudi kwenye mabati.

Lile gazeti halitachapisha masahihisho ya makala ya kuziba pengo ya mwaka 2014, na mimi sina ukurasa tena. Kwa hiyo nayaandika hapa, kwa namna niliyofundishwa kuyaandika:

Katika makala yetu ya Februari 2014 tulieleza kwamba Philip Boit alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, katika mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano 1998. Hiyo ni kweli. Hatukueleza kwamba alikuwa mwanariadha wa kulipwa aliyekubali kuanza upya akiwa na miaka 24 katika mchezo ambao nchi yake haina uwanja wake. Hatukueleza kwamba alishiriki tena 2002 na 2006. Tulitumia pia utani kuhusu chai ambao haukuwa wetu. Mwandishi anaomba radhi kwa Bwana Boit, na kwa msomaji mmoja wa Eldoret aliyeuliza swali sahihi 1998 na hakujibiwa.

Ndiyo, Mama. Alimaliza.